Mwonjaji wa Mlangoni: Maisha ya Papa Callixte Nshimiyimana (1944–2024)

Maharagwe hupandwa mara mbili kwa mwaka katika vilima hivi, na kila msimu hufunika nyayo za msimu uliotangulia. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoiacha miaka ipite, polepole, juu ya ndugu yetu Callixte Nshimiyimana, hata akatimiza themanini. Misitu ilikatwa, bendera zilibadilishwa, nywele zake ziligeuka nyeupe. Jambo moja tu halikufunikwa, na yeye mwenyewe aliomba lisifukiwe leo pamoja na mwili wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1944 karibu na Nyabiondo, teritwari ya Masisi, mtoto wa pili wa Papa Rukundo na Mama Uwingabire, wakulima na Wakristo. Alizaliwa katika ukoo wa walinzi wa gereza. Babu yake, akiwa kijana, alichukuliwa kubeba mizigo hadi mto Lualaba, na mwaka 1897 akafanywa mlinzi katika gereza la kituo cha serikali ya wakati ule. Kazi za walinzi zilikuwa kuwahesabu wafungwa alfajiri, kuufunga na kuufungua mnyororo wa shingoni, kuwasimamia barabarani, kuwachapa kwa kiboko mkuu wa kituo alipoamuru, na kuonja chakula kilicholetwa na jamaa zao. Kuonja kulitakiwa kwa sababu mfungwa aliyekufa kwa sumu alikuwa mikono miwili iliyopotea kazini. Rukundo aliirithi kazi hiyo kwa baba yake, na Callixte kwa Rukundo. Mnyororo wa shingoni ulikwisha, kiboko kikakatazwa. Kuonja kulibaki.

Masomo yake aliyafanya katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1951, akafika darasa la sita. Waliosoma naye hukumbuka namna alivyogawa viazi vilivyochomwa majivuni: alikivunja kiazi vipande viwili, kisha akafumba macho na kumwambia mwenzake achague kwanza. Mwalimu alipomuuliza kwa nini afumbe macho, alijibu, “Nikitazama, nitatamani kile kikubwa.” Tunaikumbuka hadithi hiyo kwa furaha, lakini pia kwa uchungu, kwa kuwa mtoto huyo aliijua haki kabla hajaijua njaa ya kulea watoto.

Tarehe 2 Februari 1966 aliandikwa kazi kama mlinzi katika gereza dogo upande wa Walikale. Jina la gereza hilo hatulitaji. Kuta hazikutenda neno. Baba yake alimsindikiza hadi mlangoni na kumfundisha kuonja: unachovya ncha ya kidole, unaiweka ulimini mbele ya aliyeleta chakula, unangoja kidogo, kisha unakifunika chungu na kukipeleka ndani. Wafalme wa kale nao walikuwa na waonjaji, na mwonjaji alikuwa mtu wa kuheshimiwa, kwani aliuweka mwili wake kati ya mwenzake na kifo. Callixte aliianza kazi yake hivyo, na kwa miaka michache aliifanya hivyo.

Kisha mishahara ikaanza kuchelewa, na mwishowe ikawa haiji. Ncha ya kidole ikawa kijiko, kijiko kikawa sahani, na sahani ikawa nusu ya chungu. Walinzi wote walifanya vivyo hivyo, na wala hawakujificha. Wanawake walipanga mstari mbele ya mlango na kumtania:

“Papa Callixte, unaonja ao unakula?”

“Mama, si miye. Ni serikali njo inaonja.”

“Basi serikali iko na tumbo mubaya! Hata mutoto wa miaka mbili anashibaka.”

Walicheka, naye akacheka, na nusu ya chungu ikaenda nyumbani kwake.

Alikuwa amefunga ndoa takatifu tarehe 20 Julai 1968 na Mama Athanasie Uwamwezi, binti wa Mushaki. Mungu aliwajalia watoto watatu. Walipendana bila kelele. Papa alimlimia, Mama alimshonea, na jioni walisali rozari pamoja. Meza yao haikukosa kitu, na watoto walidhani ndivyo ilivyo katika nyumba zote. Claudette, mzaliwa wao wa kwanza, alikuwa hajaanza shule alipomkimbilia baba yake njiani na kumuuliza, “Papa, leo batu ya gereza balitupikia nini?” Marehemu alilirudia swali hilo mara nyingi katika uzee wake, na kila alipolirudia aliinamisha kichwa.

Mwaka 1983 aliletwa gerezani Papa Apollinaire, mfanyabiashara kutoka Butembo, aliyekuwa na duka huko Walikale. Alishitakiwa kwa ajili ya mzigo wa chumvi uliopotea njiani, akangoja kuhukumiwa, na hukumu haikuja. Mke wake, Mama Kavugho, alikuja kila siku na chungu: bugali, sombe ya majani ya muhogo, mara nyingine samaki aliyefungwa katika jani. Chakula chake kilikuwa kitamu kuliko vyote vilivyofika mlangoni, na kwa sababu hiyo kilionjwa kuliko vyote. Apollinaire aliingia gerezani akiwa na mwili mkubwa. Alikonda, akaanza kuhara, akalala, na tarehe 19 Agosti hakuamka. Mama Kavugho alifika na chungu chake kama kawaida, akaambiwa arudi nacho. Alitaka kumwona mume wake, na alipomwona alimgeukia Callixte.

“Papa Callixte, chakula nilikuwa naleta, ilikuwa inaenda wapi?”

Marehemu alirudi nyumbani mikono mitupu, akamsimulia mke wake. Mama Athanasie alikuwa akiosha sahani. Aliziacha ndani ya maji, akasema neno ambalo halikutoka tena katika nyumba hiyo: “Basi tulikula mutu.”

Aliacha kazi mwezi Januari 1984, bila pensheni, akarudi Nyabiondo kulima. Tangu hapo, katika arusi, ubatizo au matanga, hakuna aliyemwona akitia mkono katika sahani kabla wengine wote hawajamaliza. Wengi walimsifu kwa unyenyekevu. Sifa hiyo ilimchoma, kwa maana yeye alijua si unyenyekevu. Kila Ijumaa alipika maharagwe mwenyewe na kuyapeleka katika gereza la jirani, kwa wafungwa wasio na jamaa. Mlinzi alipofunua chungu ili aonje, Papa alimgeuzia mgongo. Siku moja mlinzi akamuuliza:

“Muzee, unaniogopa ao unanizarau?”

“Hapana, mutoto wangu. Sipendi nikuone unaonja. Miye batu balinionaka.”

Mlinzi huyo alituambia kwamba siku hiyo alikifunika chungu bila kukigusa. Ijumaa iliyofuata aligusa kidogo. Hatuna muujiza wa kusimulia.

Mwaka jana, mwezi Septemba, Papa alianza kusumbuliwa na koo. Waganga wa hospitali walisema ni uvimbe, na kwamba umechelewa kuonekana. Kidogo kidogo alishindwa kumeza bugali, kisha maharagwe, kisha kila kitu isipokuwa uji mwepesi. Wako waliosema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni adhabu. Sisi hatuijui mizani ya Mungu na hatutaishika mikononi mwetu. Yeye mwenyewe hakulalamika. Alitamani jambo moja tu: kabla hajafa, amwombe Mama Kavugho msamaha, naye amjibu kwa kinywa chake.

Mama Kavugho, aliyekuwa amehamia Mushaki baada ya kufiwa, alikimbia vita mwaka huu na kufika Nyabiondo, kwa mjukuu wake Kétsia anayeuza nguo sokoni. Jérémie, mwana wa marehemu, alimwendea na ujumbe wa baba yake. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Nimesikia,” akaendelea kukunja nguo. Tulingoja majuma mengi. Papa aliuliza kila asubuhi kama amekuja, na kila asubuhi tulipata aibu kumjibu.

Alikuja tarehe 27 Oktoba, baada ya misa, ameshikwa mkono na Kétsia, na chungu kidogo kimefungwa katika kitambaa. Aliketi, akakifunua chungu: ulikuwa uji wa mtama. Alichovya ncha ya kidole chake, akaiweka ulimini mbele ya Papa, akangoja kidogo, akakifunika tena.

“Leo njo miye naonja,” alisema. “Umeona kipimo yake?”

Papa alilia. Alipoweza kusema, alisema:

“Mama Kavugho, nilikula chakula ya bwana yako. Unisamehe.”

“Hiyo si yangu, Papa Callixte. Chakula ilikuwa ya Apollinaire. Muko karibu ya kuonana, utamuuliza yeye mwenyewe.” Kisha akachukua kijiko. “Lakini mutu wa njaa siwezi kumuacha na njaa. Fungua kinywa.”

Alimlisha uji wote, kijiko baada ya kijiko, hata chungu kikawa kitupu. Akakifunga tena chungu katika kitambaa, akaenda zake. Papa hakupata jibu alilolitamani. Alisema amepata lile alilostahili, na kwamba ni kubwa kuliko anavyoweza kulibeba.

Alipokea sakramenti za mwisho, akaaga dunia Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, alfajiri, saa ambayo zamani aliwahesabu wafungwa.

Wamo jamaa waliotaka maneno haya yasisomwe mbele ya kaburi, wakisema aibu ya marehemu huzikwa pamoja naye. Lakini yeye aliagiza yasomwe, tena mbele ya Mama Kavugho, ambaye amekubali kuja na ameketi kati yetu. Aliagiza pia kwamba katika chakula cha leo sahani ya kwanza iwe ya Mama, ijae, wala mtu wa nyumba hii asiiguse hata kwa ncha ya kidole. Mama hajatuambia kama atakula. Akila, nasi tutakula. Asipokula, tutaondoka hapa na njaa, na haitakuwa njaa ya kulalamikia.

Marehemu ameacha mjane, Mama Athanasie Uwamwezi. Watoto Claudette, Jérémie na Bénédicte. Wajukuu tisa na vitukuu wawili. Wote walilelewa na mikono yake, na wakubwa wao walishibishwa na vyungu vya watu wengine.

Ee Bwana, uliyejua kifungo na kiu, mpokee mtumishi wako Callixte mlangoni pako, wala usimpime kwa kipimo alichotumia yeye. Mkutanishe na Apollinaire mezani, na Apollinaire ahudumiwe kwanza. Ibariki nyumba ya Mama Kavugho kwa wingi usiopunguzwa na mkono wa mtu. Na sisi wa nyumba hii, utubariki kwa kutuachia aibu hii mpaka itufundishe. Pumziko lenye amani limshukie ndugu yetu. Amina.