Mzee Tembea na Wasafiri Wasiorudi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa karakana ya viungo bandia atavua aproni yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja amezihesabu mwenyewe, na ofisi ya utumishi ilipotaka kuzisahau aliwapelekea kalenda.

Wengi tunamjua kwa jina la Mzee Tembea. Wauguzi ndio waliompa, kwa sababu kila anayevalishwa mguu mpya husimamishwa kati ya vyuma viwili vya kushikilia, naye hukaa kwenye kigoda upande wa pili, mikono magotini, na kusema, "Tembea nikuone." Haongezi neno. Ukimsikia anaongea sana, ujue mguu haujakaa sawa.

Hakuja hapa kutengeneza miguu. Alikuwa seremala wa makabati, ana miaka ishirini na sita, akaitwa kurekebisha mlango wa karakana. Fundi wa wakati ule alimwona anavyoishika tupa, akamsihi asiondoke. Alibaki. Mlango wenyewe, kwa taarifa ya idara ya majengo, hadi leo haufungi vizuri.

Kila fundi ana kosa lake la ujana, na lake lilimpata mwaka wa pili. Kinyozi mmoja alihitaji mguu wa kulia kabla ya harusi yake, kazi ikaenda mbiombio, na mwisho wake mguu wa kulia ukafungwa wayo wa kushoto. Kinyozi alikuwa mtu wa adabu. Alitembea mizunguko mitatu, akashukuru, kisha akaeleza kwa upole kwamba mguu ni mzuri sana, ila kila akitaka kwenda mlangoni wenyewe unataka kwenda dirishani. Tangu siku hiyo Mzee Tembea hashiki tupa mpaka mtu alete viatu vyote viwili. Tulimcheka kwa sharti hilo, mpaka tulipogundua kwamba kiatu cha mguu usiokuwepo ndicho watu huficha chini ya kitanda, na kwamba wengine walilia walipokitoa. Yeye alikipokea, akakipiga rangi, akakirudisha pembeni ya mwenzake, halafu ndipo akaanza kupima.

Neno "mgonjwa" halitumiki karakanani mwake. "Mgonjwa yuko wodini," husema. "Aliyefika kwangu ni msafiri." Daktari mmoja mgeni aliwahi kumkosoa kwamba neno hilo halimo kwenye fomu. Mzee alikubali kwa heshima, akachukua fomu, akakata "mgonjwa" kwa mstari ulionyooka kama wa rula na kuandika "msafiri" juu yake. Amefanya hivyo kwenye kila fomu mpaka wachapishaji wakachoka, wakaibadilisha.

Ametengeneza miguu zaidi ya elfu mbili na mikono ambayo hakuihesabu, kwa kuwa mikono, kwa maneno yake, ina majivuno. Amewafundisha mafundi watano, na watatu kati yao sasa wana karakana zao. Miguu ya kiwandani ilipoanza kuletwa kwenye makasha, yote ikiwa na rangi moja ya mtu tusiyemjua, yeye ndiye aliyekaa na makopo ya rangi. Alimpeleka msafiri dirishani, akaulaza mkono wake kwenye mwanga wa jua, akachanganya mpaka rangi zikalingana, maana hakutaka mtu aishi na ngozi mbili.

Hapa lazima niseme jambo ambalo makala za namna hii huliruka. Mzee Tembea ni mtu mpweke. Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita, hawakujaliwa mtoto, na anaishi vyumba viwili nyuma ya posta. Mchana hula kwenye benchi la karakana, kifuniko cha sufuria kikiwa sahani yake. Tunaambiwa tutende wema twende zetu. Kwake imekuwa kinyume: yeye ametenda wema, wenzake wakaenda zao. Kazi yake ikiharibika, mtu anarudi na malalamiko. Ikifaulu, hamwoni tena.

Na si kwamba wako mbali. Wako mjini humu, wamejaa. Anawajua kwa mwendo, hata wakiwa wamempa mgongo: huyu yuko kwenye foleni ya benki, yule anavuka barabara na wanawe. Yeye hawasalimii. Anapishana nao macho akiyapeleka kwingine, kwa sababu wengi wao hawajamwambia mtu yeyote, na salamu yake ingewaumbua.

Kulikuwa na msichana aliyeletwa ana miaka sita. Mguu wa mtoto ni kama sare ya shule, hujamaliza kuulipia jasho umeshakuwa mfupi, na kwa miaka kumi na miwili Mzee alimtengenezea miguu kumi na mmoja. Alimfundisha kuruka kamba. Mkewe alimsuka nywele kila walipokuja kupima. Mwaka jana Mzee alimkuta mbele ya duka la vyombo, mwanamke mzima, amevaa gauni refu, yuko na wenzake wa kazini. Wakatazamana. Binti akainamisha uso, na Mzee akageuka, akawa mnunuzi wa ndoo, akazikagua ndoo moja baada ya nyingine mpaka kundi likapita.

Kesho yake alikuja stoo kuchukua skrubu, akanisimulia akiwa anatabasamu. "Alitembea vizuri mno," aliniambia. "Kwa dakika nzima nilisahau mguu upi ni wangu." Kisha akashika kikombe cha chai nilichompa, akakishika mpaka chai ikapoa, na skrubu akazisahau. Iliniuma, wala sikumwambia.

Kamati ya sherehe ilipanga Ijumaa asimame msafiri mmoja atoe neno la shukrani. Nilitumwa nimwombe majina. Alikataa. Nilimbembeleza kwamba ni mmoja tu, hata yule binti, labda atafurahi. Aliweka tupa chini.

"Ukimwalika umemtangaza," alisema. "Akinisalimia tu mbele za watu, watamuuliza tumejuana wapi. Aseme nini?"

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe hatamani hata mmoja amsalimie. Alipuliza vumbi la jasi mezani.

"Natamani," alisema. "Kila siku."

Basi wajumbe wa kamati wakanishauri mstari wa neno la msafiri ufutwe kwenye ratiba. Sikuufuta. Nimeuandikia jina, na kwa kuwa jina hilo litawashangaza, naona mlisome hapa kabla ya Ijumaa.

Ni langu. Mimi mtunza stoo wenu, ambaye kwa miaka kumi na tisa mmenitania kwamba natembea kwa maringo. Hayo si maringo. Ni mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti, na niliupata karakanani miaka miwili kabla sijaajiriwa. Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa utawala alinizungusha kila idara kunitambulisha. Tulipofika kwa Mzee Tembea alinipa mkono, akaniuliza jina langu na nimepangwa idara gani, kana kwamba hatujawahi kuonana. Mtu huyu alikuwa amenishika kwapani nikilia. Nami nikamtajia jina langu, kama mgeni.

Hajawahi kulisema, hata tukiwa wawili tu. Mguu ukilegea niliuacha kwake Ijumaa jioni mkishaondoka, nikaenda nyumbani kwa magongo, ukanisubiri Jumatatu alfajiri ndani ya boksi lililoandikwa "vipuri". Lakini mchana nilikula kantini na ninyi, meza ya katikati, nikicheka. Sikuwahi kwenda kuketi kwenye lile benchi, nikiogopa mtu asije akaunganisha mambo. Miaka kumi na tisa, hatua arobaini kutoka stoo. Hilo ndilo deni langu, wala hakuna risala inayolifuta.

Mzee wangu, wafanyakazi wote wa hospitali hii wanakushukuru, na wanakuombea afya, usingizi mzuri na maisha marefu yenye raha. Hayo ni ya wote. Yangu ni haya: Jumapili saa nne asubuhi nitabisha mlangoni kwako, nimevaa kaptura. Tutatoka pamoja, tutapita barabara kubwa, taratibu, upande wenye watu wengi. Na wakiuliza tumejuana wapi, nitajibu mimi.