Karatasi ya Rawan

Sogeeni, wanangu, na anayetaka kulia akalilie jikoni, maana pumzi niliyobaki nayo ni kidogo na maneno ni mengi. Nyumba hii igaweni kwa sharia. Gamil, acha kumnunia dada yako kwa ajili ya kile chumba cha mbele. Kina unyevunyevu hata hivyo.

Mimi nilipomaliza chuo cha biashara pale Tanta, hapa hapa Misri, sikutafuta kazi. Serikali ilikuwa ikimwandikia kila mhitimu barua ya ajira, na yangu ilipofika mama alipiga vigelegele, akagawa sharubati nyekundu mtaa mzima, nami nikakaa idara ya umwagiliaji miaka thelathini na sita nikigonga mihuri, kazi nisiyoipenda hata siku moja. Wewe Insaf, binti yangu, ulihitimu ukaingoja barua yako miaka kumi na moja, ukimchungulia tarishi kutoka roshanini, na kazi ya duka la vitambaa ilipokuja nikakukataza, eti mwenye shahada atachekwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nisamehe.

Kisha huyu binti yako, Rawan. Hata chuo hajaingia, na tayari anawachorea watu wa nchi za mbali matangazo kwenye kompyuta yake; feni hii inayonipepea kainunua yeye. Nilimwambia, "Kwenye maombi ya chuo jaza biashara, kama babu yako." Akacheka: "Babu weee! Wewe uliletewa kazi usiyoitaka ukaibeba mpaka pensheni. Mimi hakuna wa kuniletea, basi angalau niitake!" Mlicheka nyote. Mimi niliumia. Niliona wivu, wanangu, wivu wa mzee wa miaka themanini na mbili kwa mtoto wa kumi na minane, ukaninyima usingizi kuliko haya mapafu. Kwa nini yeye achague? Nilitaka naye angoje kama mama yake.

Tangu juzi mmepindua magodoro mkiitafuta karatasi ya namba yake ya siri, ambayo bila hiyo hawezi kujaza vyuo avitakavyo, mkamshuku hata Umm Sabri anayetufagilia ngazi. Kamwombeni radhi. Kikulacho ki nguoni mwako: niliichukua mimi. Na maombi yanafungwa leo saa moja jioni. Asipojaza, atatupwa kokote kulikobaki nafasi.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Gamil, nivue soksi ya kushoto. Polepole, mwanangu. Imelowa jasho, lakini namba zinasomeka. Mpe mwenyewe.

Rawan, mama, usinibusu sasa, saa inakwenda. Kakae kwenye kompyuta yako, ukitakacho kiweke juu kabisa, na biashara usiiandike hata mwisho. Mungu akupe kile nilichokuonea wivu... akuzidishie. Insaf, mfuate mwanao. Muulize... muulize kama amebonyeza kutuma.