Bi Hali wa Dirisha la Tatu Anapumzika

Mwanangu ametoka sasa hivi kujigonga muhuri tumboni. Nilimweka chini mara moja nitafute kalamu ya kuandikia wasifu huu. Kugeuka, nikamkuta kainua fulana, kitovu kimezungukwa na neno IMEPOKELEWA pamoja na tarehe ya leo. Aliyempa muhuri ni huyuhuyu tunayemuaga. Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyethubutu kuugusa muhuri ule, na leo kapewa mtoto achezee. Ndipo nilipoamini kwamba kweli anaondoka.

Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita. Alianza kama msichana wa kupeleka mafaili, akawa karani wa Dirisha la Tatu, na hapo akaota mizizi. Walipotaka kumpandisha ghorofani alikataa, akasema ngazi na watu wake hawapatani. Watu wake ni wazee na wenye ulemavu wanaopokea msaada wa serikali. Kila mwaka lazima walete fomu ya taarifa: kama wapo hai, wanakaa wapi, wanaishi na nani, na nini kimebadilika. Fomu isipofika, au ikifika na kasoro, msaada unasimama.

Jina la Bi Hali lilitoka kwenye fomu hiyohiyo. Zamani ilikuwa na mstari ulioandikwa "Hali ya mpokeaji". Makao makuu walitaka neno moja tu, hai au marehemu. Lakini mtu mzima ukimuuliza hali atakujibu kama alivyolelewa. Basi watu wakaandika: Nzuri kiasi. Tunasukuma siku. Salama, sijui huko kwenu. Bibi yangu aliyenilea alinipa mimi nimjazie, nami nikaandika vilevile alivyotamka: Namshukuru Mungu, ila magoti. Mwezi uliofuata ikaja barua, msaada wake umesimamishwa mpaka ithibitike kama yupo.

Nilifika dirishani nalia, mimba ya miezi saba mbele, bibi na mkongojo wake nyuma. Nilijiona nimemuua bibi yangu kwa kalamu. Bi Hali hakunigombeza. Alifungua kabati, akatoa kikapu kilichojaa fomu za namna ile zilizorudishwa, akabadilisha viatu, akatuchukua mpaka makao makuu. Mkuu wa huko akaanza kutusomea kanuni. Bi Hali akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamsogeza bibi karibu na meza.

"Hali yake hii hapa," akasema. "Muulize mwenyewe."

Mkuu naye ana mama. Akamwamkia bibi, akamuuliza hali. Bibi akajibu kwamba anamshukuru Mungu, ila magoti. Mkuu akaichukua fomu, akaisoma, akacheka mpaka akavua miwani. Msaada wa bibi ukarudi, na wa wenzake wote wa kikapuni, na karani wetu akabaki na jina la Bi Hali. Mwaka uliofuata fomu mpya ikauliza waziwazi: Mpokeaji yupo hai? Ndiyo au Hapana.

Haikuwa mwisho wa vituko. Fundi viatu mmoja mzee alitia alama kwenye Hapana, eti tangu mkewe aende kuwatembelea mabinti zao haoni kama anaishi. Bi Hali akamwambia apulizie kioo cha dirisha. Kilipoingia ukungu, akamwonyesha kwa kidole kisanduku cha Ndiyo.

Nilipojifungua aliniita nije niwasomee watu fomu kwenye foleni, na mtoto nije naye. Alinifundisha jambo moja ambalo halimo kwenye kanuni: kwanza msalimie mtu, na umwache ajibu mpaka amalize, magoti na yote. Ndipo umuulize fomu. Ukianza na fomu, hutapata jibu la fomu wala la salamu.

Jumatatu nakalia kiti chake. Sifichi, naogopa. Shule niliishia kidato cha pili, na watu wamemzoea yeye. Nilipomwambia hivyo aliniambia kwamba hata yeye walianza kumzoea siku aliyokosea.

Juzi alijaza karatasi zake za kustaafu. Palipoandikwa Hali, walitaka kujua kama ameolewa. Akaandika: Nzuri, sijui nyinyi. Tumezipeleka hivyohivyo.

Asante, Bi Hali, kwa kila aliyefika hapa akidhani amefutwa na akarudi nyumbani akiwa yupo. Bibi anakusalimu, magoti hayajambo. Tunakutakia maisha mema, uamke upendapo, usigongewe dirisha na mtu, na wajukuu wakikuuliza hali uwajibu mpaka

Samahani, kuna babu aliyeleta fomu kaita "Bi Hali" kutoka kwenye foleni. Bi Hali mwenyewe hajageuka. Ananitazama mimi, anatabasamu, kwa hiyo naenda kuitika mimi.