Picha Niliyoipiga Barazani kwa Mzee Shomari

Siku ile barazani tulikuwa wanawake watano, na wote leo mnawaona hapa. Alikuwepo Bi Mwanahamisi, mwenye nyumba, shoga yangu tangu tuko wasichana. Alikuwepo wifi yangu Bi Kibibi, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwepo Bi Fatuma, jirani yake Bi Mwanahamisi ukuta kwa ukuta, na bintiye Salma, ambaye ndiye mdogo wetu ingawa ana watoto watatu. Wa tano ni mimi, Tatu, niliyeshika simu. Ndani, kitandani, alikuwemo Mzee Shomari, mume wa Bi Mwanahamisi, akiumwa wiki ya tatu. Huyo wa ndani msimsahau.

Ndugu zangu wa Kaole, na nyinyi wageni wetu wa Kiwangwa, mmeniomba nieleze namna tunavyoweka mikeka yetu mtandaoni hata watu wakaitika. Mimi shule niliishia darasa la pili. Ninachokijua nimekijua kwa kuanguka, basi nitaanzia pale pale nilipoangukia.

Simu ya kikundi chetu, kinachosukia mikeka barazani kwa Bi Mwanahamisi, nilipewa mimi kwa sababu nakumbuka watu. Nikimsikia mtu mara moja, jina lake na la mama yake halinitoki. Lakini majina hayakunisaidia kitu. Kila siku napiga picha ya mkeka umetundikwa kwenye kamba, naweka. Watu wanatazama, wanapita. Hata anayeuliza "huo rangi gani" hakuna.

Salma akaniambia, "Mama Tatu, usikasirike, lakini mikeka yako inaning'inia kama nguo zilizofuliwa. Nani atakaa kuzungumza na nguo iliyofuliwa? Weka watu."

Nikaweka watu. Asubuhi hiyo nikatandika mikeka yote mipya barazani, kuanzia mlango ule wa buluu wa Mzee Shomari mpaka ngazini. Nikawaambia wenzangu, "Kaeni." Bi Fatuma akasema hapigwi picha kichwa wazi, akajifunika kanga. Alipojifunika yeye, wote wakajifunika. Nikawaambia wacheke, Bi Fatuma akanijibu, "Nicheke na nani?" Basi wakatulia kimya kama wako mbele ya hakimu. Na wifi yangu Bi Kibibi siku hiyo jino lilikuwa linamuuma, kashika tama, kainama.

Maneno sikuandika, maana kuandika kunanichukua muda. Nikatafuta kile kikatuni cha viganja viwili vilivyounganishwa. Kwangu mimi kilikuwa "karibuni, ahsanteni." Nikakibonyeza. Picha ikaenda.

Ndugu zangu, nawaambia, nyinyi ni watu wa pwani. Ukiona mikeka imetandikwa barazani kwa mtu, wanawake wamejifunika, mmoja kashika tama, chini yake viganja kama vya dua, na unajua mwenye nyumba anaumwa wiki ya tatu, utaelewa nini? Mnacheka. Siku ile hakucheka mtu.

Adhuhuri haijafika, nikasikia kilio kinatoka barabarani. Kilitangulia chenyewe, kisha nikawaona wenye kilio. Rukia wa Kiwangwa, yule pale, mpwa wa Mzee Shomari, kaja na gari zima la watu na magunia mawili ya mihogo. Wakajaa barazani. Mwajuma, binti mkubwa wa Mzee, alipanda basi Msata akilia, akashuka na viatu viwili visivyofanana. Na Mzee Shomari mwenyewe kule ndani akawa anaita, "Mwanahamisi! Nani kafa? Mbona hamniambii?"

Alitoka ameshikilia ukuta. Rukia alipomwona akapiga ukelele mwingine mkubwa kuliko wa kwanza.

Bi Mwanahamisi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akaonyeshwa picha. Akaniangalia, akasema taratibu, "Tatu, umemzika mume wangu nami niko jikoni namkorogea uji." Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Yapo na mengine niliyoambiwa siku hiyo. Aliyeniambia simtaji, yumo humu, na tumeshasameheana. Lakini lile la uji ndilo lililonikaa kifuani. Kikundi kikakosa baraza. Kila mmoja akasukia ukili wa mikeka kwake, halafu akaacha. Simu nikamwachia Salma, nikamwambia mimi basi. Nilikuwa nikienda dukani nazunguka nyuma ya msikiti nisipite mlango wa buluu. Mwezi mzima sikusikia sauti ya shoga yangu. Mikeka nilikuwa naweza kuishi bila hiyo. Yule mtu, hapana.

Siku moja Salma akaja. "Mzee Shomari anakuita. Amesema tuje na simu."

Nilikwenda. Nikamkuta barazani, amekaa kwenye mkeka, kanzu safi, kofia kichwani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Maiti wako nimepata nafuu, nimechoka kuulizwa nimezikwa wapi. Nipige hiyo picha inayosema."

"Shemeji, mimi simu sishiki tena."

"Uliposhika ukaniua. Sasa shika unifufue. Nianze?"

Salma akanishika mkono, tukabonyeza. Mzee Shomari akakohoa, akasema: "Asalaam aleikum. Mimi ndiye Shomari mliyekuja kunilia. Mkeka huu nimeukalia, sijalazwa. Aliyeleta mihogo, ahsante, nimeila. Aliyelia sana nilimsikia. Aliyekuja akatazama saa, naye nilimwona. Huu ukili mwekundu kasuka Bi Kibibi, yule mwenye jino. Haya, nyinyi semeni: mkeka wa mtu aliyepona utiwe rangi gani?"

Hapo ndani ya nyumba kikasikika kicheko. Ndugu zangu, kicheko kile nakijua tangu tuna miaka tisa. Bi Mwanahamisi akatokea mlangoni, kanga mdomoni, machozi yanamtoka. Akaja akaketi pembeni yangu, akanisukuma bega. Akasema, "Na mimi nitoe nikiwa hai." Alhamdulillahi, nilivuta pumzi kama mtu aliyetua mtungi kichwani.

Tukaiweka mtandaoni, na kabla ya alasiri watu walishajibu mpaka simu ikapata joto. Wengine kijani, wengine zambarau, wengine wanauliza jino. Ndipo majina yangu yakapata kazi. Nikawa nabonyeza sauti, namjibu kila mmoja: wewe Rukia, zambarau yako nimeisikia, wewe Hadija mtoto wa Bi Pili, mama mguu unaendeleaje? Aliyejibiwa kwa jina anarudi, na akirudi anakuja na mwenzake.

Basi wageni wangu, nilichojifunza ni hicho. Mtu asiachwe akisie unachomwonyesha, atakisia kwa anayoyajua yeye. Sema mapema. Onyesha uso wa aliyekisuka na utaje nani. Muulize mtu jambo unalotaka kweli kulijua, na akikujibu usimwache mlangoni.

Namshukuru Salma aliyenishika mkono. Nawashukuru Bi Fatuma na Bi Kibibi waliorudi barazani bila kunisimanga, isipokuwa kidogo. Rukia, magunia yale hatujasahau. Shoga yangu Mwanahamisi, wewe unajua.

Mimi ni mtu mzima, huenda nimemkalisha mtu pasipo pake, au nimegeuza jino la kushoto nikalifanya la kulia. Aliyekuwepo asimame anisahihishe, sitakasirika. Ila wewe, Mzee Shomari, keti tu. Wewe ulishanisahihisha.