Askirimu ya Nazi Niliyoigandisha Mara ya Pili

Mwenyekiti, na nyinyi akina mama wenzangu wa jikoni, nawasalimu. Mmeniambia nisimame mbele, lakini magoti yangu siku hizi hayapokei amri ya mtu, kwa hiyo nitasema nimekaa. Wa huko nyuma asiyenisikia anyooshe mkono. Mmetaka niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitaeleza, ila majina sitataja. Wengine wamekwisha kutangulia, na waliobaki wana wajukuu humu humu mjini.

Kwanza niacheni nijisifu kidogo, maana huko mbele nitajivua nguo.

Mimi niliuza askirimu Mtwara hii wakati mama zenu wengi hawajazaliwa. Msicheke! Miaka ya hamsini mji ulikuwa mpya, barabara udongo mwekundu mtupu, bandari ndiyo kwanza imeanza kupokea meli kubwa. Kibanda changu kilikuwa Chuno, kando ya njia ya watu wanaotoka kazini. Nguzo nne, makuti, meza moja, mabenchi mawili. Jioni hata wale wa Shangani waliotoka kupunga upepo walitembea mpaka kwangu. Karani na mkewe, Mhindi mwenye duka na wanawe, kuli wa bandarini na chumvi ya jasho mgongoni, wote benchi moja. Koni hatukuwa nazo. Nilipakua kwenye vifuu vya nazi, tumevisugua kwa mchanga mpaka vinang'aa, na kila kifuu kikirudi kinachemshwa. Mtoto akiniona napita njiani aliacha mchezo akaniamkia kwa sauti kubwa ili nimkumbuke jioni. Nani hapa ameamkiwa hivyo?

Sasa ilikujaje? Mimi nilitoka kijijini kwetu upande wa Kilambo, karibu na mto Ruvuma, nimeletwa mjini kwa kuolewa. Kwetu ni mihogo na mikorosho. Barafu sikuwahi kuigusa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja Shangani, katika wale waliokuja na kazi ya ule mradi mkubwa wa kulima karanga. Kazi ile iliposimama, Mzungu akafunga mizigo, na mashine yake ya askirimu haikuingia kwenye sanduku lolote. Akamwachia mume wangu. Ndoo ya mbao, ndani yake mkebe wa bati wenye kifuniko, na juu mpini wa kuzungusha. Katikati ya ndoo na mkebe unajaza barafu iliyovunjwa na chumvi ya mawe, unazungusha mpaka bega linauma, na kilicho ndani ya mkebe kinaganda.

Mume wangu kazi hana, mashine ipo, maziwa hayapo. Ng'ombe huku hawakuwahi kufua dafu mbele ya mbung'o, na ya kopo hayakuwa ya watu kama sisi. Nikamwambia, "Tutie tui."

Akacheka. "Tui la kupikia samaki?"

"Tui zito, la kwanza. Na sukari, na hiliki."

"Mke wangu, Wazungu wakisikia watatucheka."

"Wazungu si wamekwishaondoka?"

Tukazungusha kwa zamu. Alipoonja kijiko cha kwanza akala cha pili, akala cha tatu. Kisha akasema, "Kesho tutafute nazi nyingi." Basi. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na msimu wa pili tukaanza kunyunyizia korosho za kukaanga juu. Ile ilikuwa akili yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Barafu ilitoka chumba cha barafu bandarini. Aliyetuletea alikuwa mtu wa ng'ambo, Mmakonde wa upande wa Mreno, aliyevuka mto kutafuta kazi. Mtu mpole, maneno machache. Kila siku baada ya adhuhuri alifika na mkokoteni, barafu imefunikwa kwa unga wa mbao na magunia safi aliyoyafua mwenyewe. Hakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Haya. Sasa naanguka.

Ilikuwa Idi. Siku moja kabla, mwezi ukitarajiwa, nilitengeneza mkebe mzima nikijua jioni watu watajaa. Ikanyesha mvua kubwa, hakuja mtu. Asubuhi ya Idi nikafungua kifuniko nikakuta imeyeyuka yote, vuguvugu. Nikanusa. Harufu haikuwa mbaya. Lakini ndugu zangu, nawaambia, haikuwa nzuri pia, na mpishi anajua. Nyinyi nyote mnaijua ile pua inavyokwambia jambo.

Sheria yetu ilikuwa moja tu: iliyoyeyuka inamwagwa. Aliiweka mume wangu, aliyejifunza jikoni kwa watu wengine. Lakini siku ile alikuwa msikitini, na mimi nilikuwa nimeshawaahidi watoto wa Chuno nzima kwamba Idi hii hakuna atakayeambiwa imekwisha. Nazi zilizobaki zilikuwa chache. Sifa ndizo zilizonimaliza, si njaa. Nikachanganya ile ya jana na tui jipya, nikazidisha hiliki ili kufunika harufu, nikazungusha kwa barafu ambayo yule mtu wa ng'ambo aliileta alfajiri kwa ajili ya Idi. Ikaganda vizuri, nyeupe, inapendeza macho.

Mume wangu alirudi na kanzu yake, akaniuliza, "Ya jana umeimwaga?"

"Nimeimwaga."

Watoto wakaja na nguo mpya. Nilipakua mpaka mkebe ukalia. Hakuna aliyeambiwa imekwisha.

Jua lilikuwa halijazama nikasikia mtoto wa kwanza anatapika. Kisha nyumba ya pili, ya tatu. Asubuhi yake nusu ya watoto wa mtaa walikuwa wamelala. Wengi walipata nafuu baada ya siku mbili. Lakini jirani yangu mmoja alikuwa na binti wa miaka minne, mtoto wake pekee. Yule alikauka kama jani. Macho yaliingia ndani. Wakamkimbiza hospitali wakamtundikia maji, na mama yake akalala sakafuni chini ya kitanda.

Watu wakaja kibandani. Hawakuja kupigana, walikuja kuuliza. Mzee mmoja akasema, "Hii ni barafu. Yule mtu wa ng'ambo nani anajua anaiburuza wapi?" Mwingine akadakia kwamba amemwona akiiweka karibu na samaki. Wakanigeukia mimi wanisikie.

Nikanyamaza.

Siku ile sikusema uongo hata neno moja, na miaka mingi nilijitetea kwa hilo. Nilitazama chini, nikapangusa meza. Basi, ikatosha. Maneno yakafika bandarini, mkokoteni akapewa mtu mwingine. Kwenye kisima watu wakawa wanajitenga akifika. Alikuja nyumbani kwangu mchana mmoja, akasimama nje ya mlango, hakutaka kuingia.

"Dada, barafu yangu ilikuwa chafu?"

"Sijui, kaka."

Akatikisa kichwa, akaondoka. Na mimi nikarudi ndani nikakuna nazi isiyo na kazi.

Siku ya tisa mume wangu akaja na habari kwamba yule ndugu amefunga vitu vyake, ameelekea Kilambo kuvuka kurudi kwao. Alisema hivyo tu huku akivua viatu, lakini akanitazama. Nadhani alikuwa amekwisha kujua. Nikamwambia nakwenda kumwona mama yangu. Nikapata lori lililobeba chumvi, nikakaa juu ya magunia mpaka Kilambo.

Nilimkuta ukingoni, amekalia mzigo wake, anasubiri mtumbwi. Maji yalikuwa mengi, na viboko wawili walikuwa katikati, kwa hiyo wapiga kasia walikuwa wanangoja wasogee. Viboko wale ndio walionipa yeye, maana bila wao ningekuta amevuka.

Nikakaa mchangani. Nikasema moja kwa moja, kwa sababu ningezunguka nisingesema. "Kaka, ni mimi. Iliyeyuka usiku, nikaigandisha tena. Barafu yako ilikuwa safi. Nisamehe."

Alitazama mto. Kisha akasema, "Mimi najua barafu yangu. Unanambia mimi kitu ninachokijua."

"Nisamehe."

"Ntoto yule wa hospitali, amepona?" Alisema hivyo, ntoto, kama watu wa kwao wanavyosema.

"Ameanza kunywa uji."

"Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Basi dada, huku umekosea njia," akasema. "Mimi sikula askirimu yako. Nenda kwa waliokula."

Mtumbwi ukaja. Akapanda, hakugeuka nyuma. Nililia pale mchangani mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakaniuliza nimefiwa na nani.

Nilirudi mjini kesho yake. Nikamwambia mume wangu kwanza, akasema, "Niliposikia harufu ya ile hiliki nilijua. Nilikuwa nakungoja." Hakunikemea, na afadhali angenikemea. Ijumaa, watu walipotoka msikitini na wanawake wakiwa sokoni, nikasimama juu ya benchi langu mwenyewe. Nikasema nilichofanya, hatua kwa hatua, pua iliniambia nini na nilijibu nini. Nikasema yule mtu wa ng'ambo hana kosa, na kwamba nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Nikaomba radhi.

Msidhani walinipigia makofi. Mmoja alitema mate. Mama wa yule mtoto alikuwa pale, binti mgongoni, shingo bado nyembamba. Alinitazama mpaka nilipomaliza, akageuka akaenda zake.

Ikapita miezi. Hakuja mtu. Mume wangu akabeba mizigo bandarini, na umri wake haukuwa wa kubeba. Mimi nikarudi kulima mihogo kwa mama, nakuja mjini mwisho wa wiki. Kuku alitagia ndani ya ile ndoo ya Mzungu, na sikuwa na moyo wa kumtoa.

Asubuhi moja nikiwa nafagia, mama wa yule mtoto akasimama uani kwangu, peke yake. Ana nazi nne kwenye kikapu.

"Tengeneza," akasema.

"Nini?"

"Hiyo hiyo. Tengeneza mbele yangu."

Nikamhamisha kuku. Nikaisugua ndoo, nikachemsha mkebe, mume wangu akaenda kutafuta barafu. Yeye alikaa kwenye mbuzi ya nazi, akakuna zote nne mwenyewe, hakunipa hata moja. Alitazama nikikamua, nikichuja, nikichemsha tui. Nilipozungusha alihesabu pumzi zangu, naapa. Ilipoganda alikula kifuu kizima, taratibu, kisha akanyanyuka akaenda nyumbani. Siku ile ilikuwa ndefu kuliko zile tisa.

Kesho yake mchana akarudi, amemshika binti yake mkono. Akasimama pale barabarani ambapo kila apitaye anamwona, akasema kwa sauti, "Mimi nimelala na nimeamka mzima. Mpe mwanangu."

Jamani, kijiko kilinitoka mkononi mara mbili.

Tangu siku ile sikutengeneza tena ndani. Nilivunjia nazi barabarani, nikachemshia barabarani, nikazungushia barabarani, anayetaka aje atazame. Na kila magharibi kilichobaki nilikimwaga mbele ya watu. Watoto wakalifanya mchezo, wakija kulilia askirimu inavyomezwa na mchanga. Wengine waliniita mwendawazimu. Lakini kibanda kilijaa kuliko zamani, na kilidumu mpaka bega langu lilipokataa mpini.

Yule ndugu wa ng'ambo nilimpelekea habari kwa watu wanaovuka. Alichukua muda, ila alirudi, na bandarini wakamrudishia mkokoteni. Hakuniambia neno la lawama maisha yake yote. Lakini kila siku akinishushia barafu alivunja kipande, akakitia kinywani mwake mbele ya wateja, akakitafuna chote, ndipo akaondoka. Nami nilimngoja amalize.

Namshukuru yeye. Namshukuru mume wangu aliyenisubiri niseme mwenyewe. Na yule mama, huyo sina shukrani inayomtosha, kwa sababu alikuwa na haki ya kunichukia mpaka kaburini, akachagua kuja na nazi nne.

Naona fahari, wanangu, na siionei haya fahari yangu. Nimelisha mji huu ulipokuwa mtoto. Lakini watu wakinisifu kwa ladha ya ile askirimu, mimi moyoni najisifu kwa ile Ijumaa juu ya benchi.

Nyinyi mnapikia watu kila siku, ndiyo maana nimekubali kuja. Kesho asubuhi mkifunua sufuria na pua ikawaambia jambo, mwageni. Na kama chakula mmekwisha kukiuza, semeni siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku tisa.