Miaka Thelathini na Saba ya Mzee Sanga

Tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Gilbert Sanga Fondo, ambaye sote tunamwita Mzee Sanga, anastaafu kutoka chama chetu cha wafanyakazi wa hoteli, tawi la Diani. Ametumikia hotelini na chamani miaka thelathini na saba: mwosha sufuria, mwakilishi wa wafanyakazi, katibu wa tawi, mwakilishi wa wadi kwa muhula mmoja, kisha mratibu wa tawi hadi leo.

Alizaliwa Samburu ya huku kwetu pwani, katika nyumba ya wafugaji. Mwaka 1988, ng'ombe wa baba yake walipokwisha kwa ukame, aliteremka Diani akaajiriwa jikoni katika Hoteli ya Mwamba Mweupe. Wenzake wa siku hizo wanasema alikuwa mkimya mno, hata mpishi mkuu akadhani hajui Kiswahili.

Mwaka 1996 bomba la mvuke lilipasuka katika chumba cha kufulia, likamuunguza Bi Joan, mpiga pasi, mikono yote miwili. Bomba hilo lilikuwa likivuja kwa wiki tatu, na kila mtu alijua. Hata hivyo meneja aliandika karatasi ya kusema kwamba Joan alizembea, akawaita walioshuhudia watie sahihi. Sita walitia. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto wa kulisha. Sanga aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha mezani.

"Samahani, bwana," alisema. "Hiki sicho nilichokiona."

Kwa maneno hayo alihamishiwa kuchimba mashimo ya maji taka, miezi minne. Kila Jumapili alikwenda Msambweni hospitalini kumjulia hali Joan. Mkaguzi wa kazi alipofika, Sanga alimweleza yote, matope yakiwa yamemfika magotini. Joan alilipwa haki yake akarudi kazini, na mwezi uo huo wafanyakazi wakamchagua Sanga awe mwakilishi wao. Wale sita nao walimpigia kura.

Wenye hoteli walimjua kwa jambo moja la kuchekesha. Mzee Sanga hakuanza majadiliano kabla ya kusalimiana sawasawa. Alimuuliza meneja habari za nyumbani, za wazee, za watoto na masomo yao, moja baada ya nyingine, na alisubiri jibu. Mkutano ulioitishwa saa tatu ulifikia hoja ya kwanza saa nne. Meneja mmoja mgeni aliwahi kutuambia kwamba baada ya kuulizwa hali ya mama yake kwa upole ule, aliona haya kutukatalia likizo ya uzazi.

Mwaka 2013 wananchi walimpeleka katika bunge la kaunti. Aliipatia zahanati ya wadi mkunga wa kudumu, akaleta maji sokoni. Wengi waliamini angerudi bila taabu.

Lakini mwaka 2017 hoteli zilikuwa zimepunguza watu, na vijana wa Ukunda walikuwa na uchungu. Mpinzani wake aliahidi kwamba wafanyakazi kutoka bara wataondolewa. Katika mkutano wa mwisho wa kampeni, dada yake mwenyewe, Bi Kanze, mama wa vijana watatu wasio na kazi, alisimama mbele ya watu.

"Kaka," alisema, "sema leo kwamba wa bara wataondoka, nasi tukupe kura."

Mimi ninayeandika haya ni mzaliwa wa Siaya, mtu wa bara. Wakati huo nilikuwa nimetandika vitanda vya hoteli miaka kumi na minne, na siku hiyo nilisimama nyuma ya umati, sare yangu nimeificha mkobani.

"Dada yangu, wanao ni wanangu," Mzee Sanga alijibu. "Lakini siwezi kumfukuza mtu kazini ili mimi nipate kazi."

Nusu ya watu waliondoka. Alishindwa kwa kura mia mbili na kumi na moja, na Bi Kanze hakukanyaga nyumbani kwake kwa karibu miaka minne.

Wiki moja baada ya matokeo Mzee alikuja ofisini. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika nafasi yake ya ukatibu, nikainuka kumpisha kitini. Akavuta benchi la karibu na mlango. "Kaa, katibu," aliniambia. "Nipe kazi." Nilimpa, na hakuna siku aliyonifanya nijione mdogo.

Hoteli zilipofungwa wakati wa korona, ni yeye aliyejadiliana miezi saba hadi wenye hoteli wakakubali mambo mawili. Wafanyakazi wa zamani wangerudishwa kwa kufuata miaka yao ya kazi, bila mtu kuulizwa kwao wapi. Na kwa kila nafasi mbili mpya, moja ingekuwa ya mwanagenzi kutoka vijiji vya jirani. Kati ya walioomba alikuwa Thoya, mwana wa Bi Kanze, bila kumwambia mjomba wake. Mzee alipoliona jina hilo, alijitoa katika kamati ya usaili. Thoya alipita kwa uwezo wake, na leo ni mpishi.

Ijumaa moja Bi Kanze alikuja ofisini akaketi. Habari ya kura haikutajwa. Walizungumza juu ya mama yao aliyekuwa mgonjwa, kisha wakaondoka pamoja kwenda kumwona.

Mzee ameniomba nitaje pia aliloshindwa: vibarua wa msimu bado hawana mkataba. Nimelitaja.

Mzee Sanga, kwa niaba ya tawi zima, ahsante. Rudi Samburu kwa amani, Mungu akujalie afya, mifugo yenye kunona na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Jumatatu tarehe 3 Novemba, saa tatu, tunakutana na wenye hoteli juu ya mkataba wa vibarua. Tutakwenda.

Jacinter Awuor,
Katibu wa Tawi