Saini ya Amondi Otuoma

Wasikilizaji wapendwa, mlio majumbani, mlio mwaloni mkianika dagaa, na ninyi mnaotusikiliza kwa simu mkiwa kazini, karibuni. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Kiseke, hapa Mwanza. Jina lake Amondi Otuoma. Alifariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita kwa kiharusi, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Alizikwa Jumamosi, nyumbani kwao Shirati.

Jina hilo wengi wenu mliwahi kulisikia. Mlilisikia kwa ubaya. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Amondi alizaliwa kandokando ya ziwa, mkoani Mara. Baba yao alikuwa na nyavu chache na shamba la mtama. Kaka yake, Mzee Okal, anamkumbuka akiwa mtoto amechuchumaa juu ya jiwe, ameshika kichwa cha sangara, anafunua mashavu yake kutazama ndani. "Sisi tulisafisha samaki ili tule," anasema Mzee Okal. "Yeye alisafisha ili aangalie. Kila siku tulichelewa kula kwa sababu yake."

Huko kuangalia ndiko kulikomfikisha chuoni, akasomea usindikaji wa samaki. Halafu akaja Mwanza, akaajiriwa katika kiwanda cha minofu cha Mzee Ishwarlal. Mzee alipofariki, mwanawe Umang akashika usukani. Amondi akabaki palepale, maabara, na koti lake jeupe na buti zake za mpira. Alikaa maabara miaka ishirini na miwili.

Kazi yake ilikuwa moja. Kabla mzigo wowote haujapanda ndege kwenda ng'ambo, yeye alichukua sampuli, akapima, akaandika kama samaki ni salama au si salama. Paskazia, aliyekuwa mkataji wa minofu na rafiki yake wa chai ya saa nne, anasema: "Dada Amondi akisema mzigo urudi, unarudi. Siku moja alirudisha lori zima kwa sababu barafu iliyeyuka njiani. Bosi Umang alifoka mpaka sauti ikakauka. Lori likarudi."

Sasa wasikilizaji, miaka minne iliyopita kukatokea jambo.

Taifa moja kubwa, ambalo hatutalitaja, lilikuwa na mvutano na serikali yetu. Mvutano ulihusu mkataba wa madini. Wao walitaka masharti yao, sisi tukataka yetu. Mazungumzo yakakwama. Wiki mbili baadaye, taifa hilo likatangaza kwamba samaki wa ziwa letu wamekutwa na vimelea, na kwamba halitanunua tena hata kilo moja.

Tulirudie hilo lieleweke. Ugomvi ulikuwa wa madini. Adhabu ikawaangukia samaki.

Taifa hilo ndilo lililokuwa mnunuzi mkubwa wa kiwanda kile. Mashine zikazimwa. Wafanyakazi mia tatu na zaidi wakaambiwa wasubiri nyumbani. Wengi hawakukaa nyumbani. Kila asubuhi kina mama walikuja na buti zao kwenye mifuko ya plastiki, wakakaa nje ya geti, kama vile kuonekana tu kungesaidia. Paskazia alikuwa mmoja wao. Mwaloni nako, mitumbwi ilileta sangara wakubwa wakauzwa kwa bei ya dagaa.

Amondi aliendelea kuingia maabara peke yake. Alitoa sampuli zote za akiba kwenye friji, akazipima upya. Zilikuwa safi. Akaandika ripoti, akampa Umang, naye akaipeleka kunakohusika. Hakuna aliyejibu.

Kusubiri kulipofika miezi mitatu, Amondi akaitwa ofisini. Aliwakuta wanaume wawili wa serikali waliofika na ndege ya asubuhi, wamevaa suti, na karatasi moja juu ya meza. Haya tunayosimulia tumeyapata kwa Umang mwenyewe, aliyekuwepo.

"Dada Amondi, kaa," Umang alimwambia.

"Nitasimama tu, bosi."

Mmoja wa wageni akaisogeza ile karatasi. "Mama, inasema kwamba sampuli za Machi hazikupimwa ipasavyo. Uzembe wa mtaalamu. Basi."

"Zilipimwa. Nilizipima mimi. Mara mbili."

"Tunajua," yule mgeni akasema.

Amondi akamtazama. "Mnajua?"

"Hata wao wanajua, mama."

Kisha yule mgeni akamweleza, taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Mkataba wa madini ulikuwa umekaribia kukamilika. Taifa lile lilikuwa tayari kufungua soko. Lakini lilishatangaza kwamba samaki ni wachafu, haliwezi kusimama leo likasema lilidanganya. Na serikali yetu haiwezi kukubali kwamba ziwa zima ni chafu. Kwa hiyo likatafutwa kosa dogo ambalo pande zote mbili zingeweza kulimeza. Kiwanda kimoja. Maabara moja. Mtu mmoja.

"Nikikataa?" Amondi akauliza.

Mgeni akaelekeza kidole dirishani. Dirisha la ofisi ile linatazama getini, walipokaa kina mama. Amondi akaangalia nje. Umang anasema alidhani analia, lakini hakuwa akilia. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Wale wakirudi kazini, watarudi wote?"

"Wote," Umang akasema.

"Na mimi?"

"Wewe, dada, huwezi kurudi. Hilo ndilo sharti lao."

Amondi akavuta karatasi, akaisoma yote kuanzia juu mpaka chini. Akaomba kalamu. Kwanza akasahihisha jina la kimelea kimoja. "Hapa mmekosea herufi," alisema. Halafu akatia saini.

Mwaka uliofuata Amondi alimwambia kaka yake jambo moja tu kuhusu siku ile. Alisema: "Nilitia saini, nikarudi maabara, nikaosha vyombo. Niliosha vyote. Sikusikia kitu moyoni."

Baada ya wiki tatu soko likafunguliwa. Wiki hiyohiyo mkataba wa madini ukasainiwa. Magazeti yaliandika habari zote mbili, kila moja ukurasa wake.

Kina mama wakavaa buti zao wakaingia ndani. Amondi hakuwepo. Barua yake ya kufukuzwa ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kila mtu aione. Hakuna kiwanda kingine kilichomchukua. Alianza kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake Kiseke. Wanunuzi walikuja, lakini wengine walinong'ona palepale mlangoni kwamba huyu ndiye aliyewalaza watoto wetu njaa.

Paskazia hakunong'ona. Alinyamaza. "Nilikutana naye njiani natoka zamu," anasema. "Akaniuliza, 'Paskazia, habari za kazi?' Sikuitika. Nikapita. Nilikuwa na mshahara wangu mfukoni, nikapita."

Na binti yake, Precious. Wakati ule alikuwa anasomea ualimu Butimba. Wenzake walimsema mpaka akaacha kula bwaloni. Mwisho wa wiki moja alirudi nyumbani, akamkuta mama yake anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, nataka kukuuliza. Ni kweli hukupima?"

Amondi aliendelea na mchele wake. Precious anasema alisubiri mpaka mchele wa ungoni ukaisha.

"Saini ni yangu," mama yake akasema.

Precious alichukua jibu hilo kama lilivyo. Tangu siku hiyo alikuja nyumbani Krismasi na Pasaka tu, na hata siku hizo hakulala. Miaka minne ikapita hivyo. Amondi hakueleza kitu. Alikuwa ameombwa na wale wageni asieleze, kwa sababu neno likitoka, soko linaweza kufungwa tena. Majirani wanasema hakuwa mkali wala hakuwa mwenye kinyongo. Alikuwa tu kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Ukimsalimia, anachelewa kuitika.

Jumamosi, Shirati, jeneza likiwa bado juu ya kaburi, Umang alimwomba mchungaji nafasi ya kusema. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri. Akasimama mbele ya watu wote akasema yale tuliyowasimulia, yote, bila kupunguza. Alisema katika miaka minne alimtembelea mara moja tu, na kwamba siku hiyo Amondi alimpa trei ya mayai.

Mzee Okal alisema, "Ungekuja kuyasema akiwa hai." Umang akajibu, "Ndiyo, mzee." Wakashusha jeneza.

Paskazia alikuwepo. Tulipomwuliza alijisikiaje, alisema: "Sijajisikia bado. Juzi nimeingia kazini, nimekata samaki mpaka zamu ikaisha. Mikono inakata tu."

Precious naye alisema: "Nilisikia kila neno, nikarudi ndani kukunja kanga za mama. Sina hasira. Sina chochote. Labda itakuja."

Wasikilizaji wapendwa, lipo na letu. Miaka minne iliyopita, kituo hiki kilisoma habari kwamba uzembe wa Amondi Otuoma ndio uliowafungia samaki wetu soko. Tuliisoma asubuhi, mchana na jioni. Tulimtaja jina. Hatukumpigia simu. Nyumba yake iko mwendo wa nusu saa kutoka studio hii.

Leo tunairekebisha habari ile. Amondi Otuoma alipima samaki. Aliwapima mara mbili. Walikuwa safi.

Tunampa pole Precious. Tunampa pole Mzee Okal na ukoo wote wa Otuoma, Shirati na Mwanza. Tunawapa pole wafanyakazi wa kile kiwanda, wanaoingia zamu kesho. Nanyi mnaotusikiliza, mkisikia tena kwamba wakubwa wawili wamegombana na sasa wamepatana, msifurahi haraka. Ulizeni wamepatana juu ya mgongo wa nani. Na kama huyo mtu ni jirani yako, nenda kamsalimie wewe kwanza.

Kipindi hiki huwa tunakifunga kwa wimbo ambao marehemu aliupenda. Tulimwuliza Precious tumpigie mama yake wimbo gani. Akasema, "Nilikuwa naujua. Haunijii."

Kwa hiyo leo hatuna wimbo.